Jamaa Alikuja na Macho ya Mwanza: Kisa cha Kununua Nyumba Mbeya

Hiki kisa nimeomba ruhusa kwa wenyewe kabla ya kukiandika. Majina nimeyaacha, wamesoma, wamecheka, shemeji akanisahihisha bei mbili nilizokuwa nimekosea, basi. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mbeya na kabla ya duka nilifanya udalali wa viwanja na nyumba miaka minne, kwa hiyo nikiwasema madalali humu mjue nasema mambo ya jikoni nilikopika mwenyewe.

Iko hivi. Julai 2023 jamaa alihamishwa kikazi kutoka Mwanza, kituo chake cha kazi kiko Mbalizi. Mkewe, ndiye ninayemwita shemeji humu, ni nesi, uhamisho wake ukachelewa mpaka Oktoba, akapangiwa hospitali huku mjini. Watoto wawili, mkubwa alitakiwa aanze darasa la kwanza Januari. Nyumba yao ya kule Buhongwa waliiuza milioni 58, wakalipa madeni madogo madogo na lori la kuhamisha vitu, ikabaki hamsini na ushee. Wakapanga Ilomba, nyumba ya vyumba vitatu, laki mbili na nusu kwa mwezi, na mwenye nyumba akataka miezi sita kwa mkupuo kama kawaida yao, yaani milioni moja na nusu ikatoka hata magodoro hayajashushwa kwenye gari.

Tulijuana alipokuja dukani kununua kitasa. Baridi ya Julai mnaijua, amevaa koti juu ya sweta na bado anatetemeka, mkononi kashika simu ina picha za nyumba kama kumi na tano alizotumiwa na madalali watatu tofauti. Akanimwagia yote palepale kaunta: "Kaka, mimi tangu nimeoa sijawahi kulala nyumba ya mtu. Hii kodi naiona kama hela inaungua mbele ya macho yangu. Desemba nataka inikute kwangu."

Sikumbishia. Haraka yake ilikuwa na sababu tatu na mbili zilikuwa za kweli kabisa. Mtoto anaanza shule Januari na hutaki kumhamisha shule katikati ya mwaka, hiyo moja. Viwanja Mbeya vinapanda, hasa Isyesye na Iwambi na pembeni pembeni ya hapo, hiyo mbili, na nitakuja kuonyesha ilivyomgharimu. Ya tatu haikuwa ya hesabu. Mtu aliyeshakuwa baba mwenye nyumba akirudi kuwa mpangaji anajiona kashuka, halafu mama yake Mwanza kila akipiga simu anauliza "mmeshapata kwenu?" na hiyo ndiyo ilikuwa inamsukuma kuliko zote mbili za mwanzo, ila ukimuuliza anakuambia habari za mtoto kuanza shule.

Sasa kosa lake halikuwa haraka peke yake. Jamaa anajua kununua, sio mshamba, Mwanza alinunua kiwanja akajenga akauza kwa faida. Tatizo ni kwamba alikuwa anaiangalia Mbeya kwa macho ya Mwanza, na macho ya Mwanza yanasoma ardhi ya Mwanza vizuri sana lakini huku yanasoma maandishi ambayo hayapo. Hilo nilichelewa kuligundua hata mimi, niligundua kwenye nyumba ya kwanza.

Nyumba ya kwanza ilikuwa pagale, Itezi, Septemba. Limefika renta, yaani usawa wa juu ya milango na madirisha, vyumba vitatu, tofali za kuchoma zimepangwa vizuri, kiwanja kikubwa kimepanda kidogo kuelekea mlimani, ukisimama pale jiji lote liko miguuni kwako mpaka unaona bati za Mwanjelwa zinang'aa. Milioni 22, na kwa hela aliyonayo angepaua na kumalizia na chenji ingebaki. Akapenda papo hapo. Nikamuuliza unapendea nini, akasema pako juu. Kwake juu maana yake salama. Na kwa Mwanza yuko sahihi: kule vilima ni mawe, nyumba inakaa juu ya mwamba, mvua ikinyesha maji yanateleza yanaenda kusumbua watu wa chini mabondeni, wa juu wanaangalia tu dirishani. Mtu aliyekulia pale akiona nyumba iko juu roho inatulia yenyewe hata hajafikiria.

Huku milima ni udongo. Ukichimba msingi sehemu nyingi za Mbeya unakutana na vumbi jeusi au la kahawia, jepesi, la volkano za zamani, zuri ajabu kwa viazi na mahindi, lakini likishiba maji linatembea. Na kila mlima una njia zake za maji ambazo kiangazi zimelala, unaona tu kama korongo dogo lina majani makavu na mchanga laini, watu wanapita na mbuzi. Nyuma ya lile pagale kulikuwa na kitu cha hivyo. Kuna bibi jirani alikuwa anapembua maharage akatuambia bila hata kuulizwa, "Hapa maji yanapita wajukuu zangu, sasa hivi yamelala tu." Dalali akacheka akasema bibi ni mzee huyo anachanganya na zamani. Aisee, nilishawahi kusema sentensi kama hiyo mwenyewe enzi zangu, nikaona aibu kwa niaba yake na yangu.

Jamaa alitaka kuweka milioni tano ya kushika. Nikamwambia kitu kimoja tu, usinunue mlimani Mbeya mwezi wa tisa. Mwanza wana vuli na masika, mvua inakuja mara mbili kwa mwaka, huku mvua ni moja ndefu, inaanza Novemba au Desemba inakata Aprili kuelekea Mei, halafu kimya. Kwa hiyo mtu akija Julai akaangalia nyumba mpaka Oktoba ameangalia mji uliolala. Madalali wanajua hilo na ndio maana nyumba zenye shida ya maji zinauzwa sana miezi hiyo, sio uongo. Pia karatasi za lile pagale zilikuwa ni mauziano ya mkono yenye muhuri wa mtaa, kiwanja hakijapimwa, hakuna bikoni hata moja, yaani alama za mpaka za wapimaji. Akaniona kama namkatisha tamaa, akaninunia kama wiki hivi, ila hela hakutoa, na hiyo sifa ni ya shemeji, yeye alikuwa bado Mwanza na alikataa kitu kisainiwe hajakiona kwa macho yake.

Aprili 2024 tope lilishuka kutoka Mlima Kawetele likafukia nyumba za watu hapo Itezi na shule. Walioko Mbeya wanakumbuka. Lile pagale lenyewe halikufukiwa, niseme ukweli, tope lilipita pembeni. Ila njia ya kwenda pale haikuwepo tena. Tulienda kuangalia na jamaa Jumamosi moja, akasimama muda mrefu anaangalia ule mlima ulivyochanika halafu akauliza, "Kaka, mbona hakuna mawe?" Nikajua hapo macho yameanza kubadilika.

Lakini nimeruka mbele. Nirudi Novemba 2023, maana kulikuwa na nyumba ya pili ambayo ingemuumiza vibaya kuliko hata ile ya mlimani.

Shemeji ameshafika, kaanza kazi, na sasa wameanza kuonja ule mchezo wa barabara. Mbeya ina barabara kuu moja. Unaweza kunionyesha ramani na vichochoro vyote lakini mwisho wa siku jiji zima kutoka Uyole mpaka Mbalizi limetundikwa kwenye ile lami moja ya kwenda Tunduma, na juu yake yapo malori yote ya Zambia na Kongo, na bajaji, na daladala, na wakati ule walikuwa wameongeza mafundi wa kuipanua iwe njia nne, kutoka Nsalaga hadi Ifisi kilometa 29. Mwanza ukikuta foleni barabara hii unazungukia ile. Huku lori likizima pale mteremko wa kati ya Iwambi na Mbalizi, wote mnakaa mnasubiri. Jamaa akitoka Ilomba kwenda Mbalizi anavuka karibu nusu ya mji, kuna siku alitumia saa moja na nusu, akaanza kusema anataka nyumba ya kandokando ya lami ili akitoka tu yupo barabarani. Ambayo ni sawa na kusema nimechoka na mvua ngoja nikakae chini ya bomba, lakini basi.

Ikapatikana nyumba Nzovwe. Imekamilika, ina masta, ina maji, mbele ina fremu mbili za duka zinazoingiza kodi, milioni 49. Kwa nyumba iliyokamilika yenye fremu barabarani hiyo bei ilikuwa chini na bei ikiwa chini Mbeya ujue kuna mtu anajua kitu. Kwenye ukuta wa fremu ilikuwa imepakwa rangi upya sehemu moja tu, kipande cha mraba. Mimi nauza rangi, nikaona mara moja. Ukiangalia kwa upande jua likipiga unaona kivuli cha X chini yake, ile alama ya majengo ya kubomolewa kupisha barabara.

Tulichofanya ni kuchukua futi ya kamba, kusimama pembezoni mwa lami asubuhi Jumapili malori machache, tukapima kutoka katikati ya barabara. Ukuta wa mbele wa fremu ulikuwa mita 21, ukuta wa nyuma wa sebule mita 28 na kitu. Hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara, ilikuwa mita 22 na nusu kila upande kutoka katikati, Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake ikaipeleka mita 30. Kwa hiyo fremu zote mbili mbele zimeingia kwenye hifadhi ya zamani na sebule iko ndani ya hifadhi mpya. Watu wanachanganya sana hapa: aliyekuwepo kihalali kati ya ile 22 na nusu na 30 kabla ya sheria kubadilika, huyo barabara imemfuata yeye, ana haki ya fidia. Aliyeko ndani ya 22 na nusu yeye ndiye kaifuata barabara, halipwi. Na hata hiyo fidia inafuata tathmini iliyoandikwa jina la mwenyewe, wewe uliyenunua juzi utaanza kumtafuta muuzaji mkagawane na yeye kashahamia Chunya.

Muuzaji akasema X ilikuwa ya utani wa watoto. Tukaaga kwa heshima.

Hapo ndipo niliwakalisha wote wawili, na kwa mara ya kwanza tukaongea habari ya lini kabla ya wapi. Hesabu yenyewe ilikuwa fupi. Mwaka mzima wa kodi ni milioni tatu. Ile hela ya Mwanza ilikuwa imelala benki kwenye akaunti ya kawaida haifanyi kitu, kila akiifungua kwenye simu inamwambia nitumie. Shemeji akaipeleka mfuko wa Ukwasi wa UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja ambao ukitaka kutoa unatoa bila kufungiwa miaka, na mpaka walipoitoa faida ilikuwa imekaribia kulipa kodi yote. Kwa hiyo ile hadithi ya hela inaungua ikafa siku hiyo, japo jamaa alikubali kwa mdomo tu, moyoni iliendelea kuwaka mpaka kama Februari.

Na kulikuwa na wazo lingine nilipitie haraka, benki moja ilimpigia hesabu ya kuongezea mkopo ili achukue nyumba ya milioni 80 Forest Mpya. Riba za mikopo ya nyumba hapa kwetu zimekuwa zikizunguka huko kwenye asilimia 15 mpaka 19, na kwa shemeji mtumishi wa umma theluthi ya mshahara lazima ibaki, ambayo ukishakatwa unagundua theluthi ni kidogo kuliko ilivyokuwa inasikika shuleni. Shemeji akasema sijaja Mbeya kufanyia kazi benki. Ikaishia hapo.

Wakakubaliana wasinunue mpaka mvua ikate. Mtoto akaanza shule karibu na Ilomba, basi, na kama wakihama atapanda gari la shule.

Ule msimu wa mvua ndio uliowafundisha kuliko mimi. Wikiendi moja moja walikuwa wanachukua bajaji wanakwenda mtaa mmoja mvua ikiwa imetoka kunyesha, wanaangalia tu. Wapi bajaji inagoma. Wapi wanawake wamevua viatu. Wapi mtaro umejaa na maji yanaingia geti la nani. Wapi wanachota maji ya kijito kwa sababu bomba halitoki, maana huku unaweza kuloa mpaka kwenye mifupa na bomba liko kavu. Kuna kiwanja kizuri kilikuwa pembeni ya kijito, wakakiacha wenyewe bila kuniuliza, sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji na kile kilikuwa hakifiki hata 20.

Halafu ikaja Juni na baridi ikawafundisha la mwisho. Mtu wa Mwanza anapanga nyumba kukimbia jua, anataka mti, kibaraza kirefu, madirisha yapate upepo wa ziwa. Kila nyumba waliyoipenda mwanzo ilikuwa na kivuli. Mbeya Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini, nyumba ambayo vyumba vyake vya kulala vimeangalia kusini na mbele kuna miti basi ukuta wake haupati jua miezi miwili, kitanda kinakuwa na unyevu, watoto wanakohoa mpaka Agosti. Shemeji aliligundua kwa sababu wodini aliona watoto wa vifua wanavyoongezeka. Akaanza kuingia kwenye nyumba ya watu na kuuliza swali moja tu, "jua la asubuhi linaingia chumba gani?" Madalali wakawa wanamuogopa.

Sasa gharama ya kusubiri, maana sitaki ionekane kwamba kusubiri ni bure. Kuna kiwanja Isyesye, kimepimwa, kina hati, Oktoba 2023 kilikuwa milioni tisa. Mimi mwenyewe nilisema kisubiri. Julai 2024 kiwanja cha jirani yake, kidogo zaidi, kiliuzwa 13. Hapo niliwakosesha na nimewaambia. Kiwanja tambarare kilichopimwa, karatasi safi, mtaa unaojulikana hauna historia ya maji, hicho hakihitaji msimu wa mvua, kinahitaji upekuzi rasmi ofisi ya ardhi tu, yaani kuangaliwa kumbukumbu za hati, na unalipa. Nilichanganya tahadhari ya mlimani na ya tambarare. Jamaa kila nikianza kujisifia ananikumbusha Isyesye.

Mbalizi waliifikiria kwa muda mrefu. Jua kali kidogo, joto, kwa sababu ukishashuka kuelekea Songwe uko chini zaidi ya mjini, jamaa angetembea kwa mguu kwenda kazini, viwanja bei nafuu, na maeneo ya vijijini kule kuunganishiwa umeme wakati ule ilikuwa 27,000 na mjini 320,960. Ila Mbalizi iko halmashauri ya wilaya, sio jiji, na pembezoni unakutana na ardhi ya kijiji ambayo inakwenda kwa Sheria namba 5 ya 1999, inapita serikali ya kijiji na hati yake ni ya kimila, sio kitu kibaya lakini ni njia nyingine na kuna watu wanauza kana kwamba ni kiwanja cha mjini. Kilichoua wazo la Mbalizi hata hivyo hakikuwa sheria. Shemeji ana zamu za usiku. Kutoka hospitali saa mbili asubuhi na kuusubiri ule mteremko na malori yake, halafu jioni tena, akasema hapana. Jamaa alitaka kubisha, nikamkanyaga mguu.

Agosti 2024 ikapatikana Iwambi. Juu ya mteremko, upande wa mjini, barabarani unatembea dakika kumi na mbili, yaani karibu kutosha na mbali kutosha. Nyumba ya zamani kidogo, vyumba vitatu, bati limechoka, choo cha ndani, karo ya maji taka iko sawa, kiwanja kimepimwa. Vyumba viwili vinapata jua la asubuhi. Walishaupita ule mtaa Machi na mvua, hawakuvua viatu. Bei milioni 52.

Karatasi ndizo zilikuwa na kazi. Anayeuza ni kijana mkubwa wa marehemu, baba alifariki 2018, hati original anayo mkononi, jina la baba. Anataka milioni kumi ya kushika haraka ana shida. Na dalali anasukuma, eti kuna mteja mwingine wa Tunduma ana keshi kwenye gari, huyo mteja wa Tunduma mimi namjua, nilimtumia sana enzi zangu, hajawahi kuwepo.

Nikawaambia kushika hati sio kuwa na nyumba. Aliyefariki hauzi, na mtoto wake hauzi mpaka mahakama imtambue kama msimamizi wa mirathi. Hapo wakaenda kwa wakili, laki tatu, hela nzuri kuliko zote walizotoa. Wakili akauliza watoto wako wangapi. Wanne. Wako wapi? Wawili hapa, mmoja Dar, mmoja, binti, ameolewa Vwawa. Binti wa Vwawa alipopigiwa simu hakuwa anajua kama nyumba ya baba yake inauzwa. Kimya kikatanda pale ofisini mpaka ukasikia feni, na Mbeya nani ana feni, ni ya kompyuta.

Wangelipa ile kumi siku ile, leo wangekuwa na kesi na yule dada, na yule dada angekuwa na haki. Badala yake familia ikakaa kikao, muhtasari wa ukoo ukaandikwa, wakaenda Mahakama ya Mwanzo, kijana akateuliwa kuwa msimamizi, wote wanne wakasaini kukubali kuuza. Ilichukua miezi minne na siku kadhaa. Miezi minne jamaa analipa kodi Ilomba na kila wiki ananiuliza, "hivi nikipata nyingine?" Nikamwambia tafuta, akatafuta, hakupata yenye jua.

Wakati wa kusubiri upekuzi ukatoa vitu viwili. Kwanza pango la ardhi, ile kodi ya ardhi ya kila mwaka, lilikuwa halijalipwa tangu mzee afariki. Pili, na hii wengi hawaiangalii kabisa, hati ilikuwa ya miaka 33 na ilianza 1998. Ukipiga hesabu inaisha 2031. Watu wakisikia hati wanafikiri ni milele, ardhi yote ya nchi hii ni ya umma chini ya Rais na hati ni muda uliopewa, 33, 66 au 99. Ikiisha unaomba kuhuisha, kawaida inakwenda, lakini ni gharama na miguu yako. Hayo mawili pamoja na bati wakayaweka mezani, 52 ikashuka mpaka 46, na malimbikizo ya pango wakalipa wauzaji.

Kuna ujanja mmoja ulijaribiwa mwishoni. Dalali akapendekeza mkataba uandikwe milioni 25 ili kodi ya wauzaji ipungue. Jamaa karibu akubali, anaona ni wema tu. Lakini mthamini anakuja na bei yake, na wewe mnunuzi mkataba wako ndio ushahidi wako pekee, likitokea la kutokea ukadai urudishiwe hela utarudishiwa ya kwenye karatasi. Shemeji akauliza hilo 21 linalobaki litakuwa la nani mahakamani. Ikaandikwa 46. Ushuru wa stempu asilimia moja, 460,000, hiyo yao. Mwenyekiti wa mtaa naye aligusia asilimia kumi kama utani, wakili akamuuliza iko kifungu gani, akacheka akasema karibuni mtaani.

Malipo yalipita benki kwenda akaunti ya mirathi, Januari 2025. Jina la mzee likatolewa kwanza likaingia la msimamizi, ndipo likahamishiwa wao. Shemeji alisisitiza majina yote mawili, jamaa akasema si kitu kimoja tu, shemeji akamjibu ndio maana yaandikwe yote.

Walihamia Machi, mvua bado inanyesha, kwa makusudi. Usiku wa pili bati likavuja sehemu tatu, wakaweka sufuria, asubuhi jamaa akanitumia picha ya zile sufuria na nyingine ya jua limeingia mpaka kwenye mto wa mtoto. Mama yake akapiga simu kama kawaida kuuliza mmeshapata kwenu, akamwambia ndiyo mama, ila kunavuja.

Bati ameshabadilisha, geji 28, sikumpunguzia sana maana bei ya jumla ilikuwa imepanda. Pango na Luku viko kwa jina lao. Mtaro wa nyuma bado hajaujengea na Novemba inakuja, nimeshamwambia mara mbili, mawe yapo dukani.